Kigari Namba Kumi na Nne

Tangazo lilibandikwa Jumatatu, umande haujakauka
kwenye bembea,
kwa uji wa ngano, maana gundi ya ofisi imekwisha:
kuanzia tarehe mosi kigari cha mtoto
ni elfu nne kwa saa, si elfu tatu kwa siku.
Malipo kwa simu tu. Vitambulisho havipokelewi.
Mtoto asizidi alama nyekundu.

Alama nyekundu niliichora mimi.
Meneja alishika futi, nami brashi,
sentimita mia moja na tano kutoka sakafuni,
kwenye nguzo ya kibanda nilichokaa miaka sita
nikiziba pancha, nikikaza nati,
nikipanga sura za watu zenye plastiki
ndani ya boksi la viatu, kama karata.

Zamani (nasema zamani, ni mwezi uliopita)
mtu aliniachia kitambulisho, akachukua kigari,
akapotea nacho mpaka jioni
kati ya treni ndogo na bwawa la bata.
Sikuandika kitu.
Desemba, Moshi ikijaa waliorudi kula sikukuu,
boksi halikufunga, nikalikalia.

Vigari nilivijua kwa tabia.
Namba tatu huvuta kushoto, kama mbuzi aliyeona mahindi.
Namba tisa kipofu, mwavuli ulichukuliwa na upepo.
Kumi na nne hulia. Gurudumu la nyuma:
kwii, kwii,
kifaranga kilichosahauliwa nje ya tenga.

Hicho kilikuwa cha Elinami.
Kila Jumamosi ya pili ya mwezi
mama yake, Aikande, alishuka kutoka Uru
na binti wa miaka minane mgongoni,
miguu ikining'inia chini ya kanga
kama soksi kwenye kamba.
"Kumi na nne kipo?"
Kipo, mama.
Na kigari kikianza kulia, mtoto anacheka,
kichwa nyuma, mdomo wazi kwa jua,
hata bata wanageuka.

Jumamosi ile binti mpya wa dirishani, Ndeanasia,
alimsomea tangazo kwa adabu, kwa sauti ndogo.
Mama akaitazama nguzo. Hakugombana.
Aliuliza tu:
"Mstari huu unampimaje asiyesimama?"

Ndeanasia akaangalia simu.
Mimi nikainama kutafuta nati
ambayo haikuwa imedondoka,
nikaona rangi nyekundu bado imo kwenye kucha zangu.

Akafunga kanga upya, fundo juu ya fundo,
akaondoka kwa njia ileile aliyojia.
Nilimhesabia hatua mpaka getini.
Sitaki kusema zilikuwa ngapi.

Vigari vipya vimekuja ndani ya nailoni,
vya kijivu, vimya, vyote tabia moja.
Vya zamani vilipimwa kwa kilo, vikauzwa chakavu.
Mwenye mizani alinishangaa:
fundi mzima ananunua kigari kibovu
kwa bei ya kilo mbili za sukari!

Kipo kwangu Pasua, chini ya turubai.
Kuku alitaga humo mara moja, nikamhamisha.
Nimeshona kitambaa kipya, nimebadili mkanda,
nimerefusha pa kuwekea miguu
kwa bomba la fremu ya baiskeli,
maana watoto wanakua, hata kanuni ikikataa.

Namba yake ya simu sina.
Boksi halikuwa na kumbukumbu, na nililisifia hilo.
Nina alichoandikiwa kwenye plastiki tu:
Aikande, wa Uru, sahihi imelala upande.
Jumapili nitakisukuma hadi huko juu,
nitauliza kwenye mashine ya kusaga,
nitauliza waliotoka ibada ya kwanza.

Grisi ninayo, kopo zima.
Gurudumu la nyuma sijaligusa.